Wenye wanasesere wa 3D: seti gani ya mazingira yetu itengenezwe kwanza?

#1 FundiPikseli
Habari wakuu.

Wanaotumia Daz Studio, Poser au Blender, programu za kutengenezea picha za 3D kwa kompyuta, watanielewa haraka. Mwanasesere unampata hata bure. Unamkunja mkono, unamgeuza shingo, unamvika, unamkalisha. Kazi inaanza ukitafuta pa kumweka. Madukani kumejaa migahawa ya Kimarekani yenye viti vyekundu, makasri ya mizimu, korido za vyombo vya anga, madarasa ya Kijapani, vyumba vya kulala vyenye kioo ukuta mzima. Ukitaka mama anayekuna nazi uani, unabaki na mandharinyuma nyeupe.

Nataka kutengeneza seti moja kamili kwa Blender, niitoe na kwenye Daz, watu waitumie kwa hadithi za picha, katuni na majalada ya vitabu. Nina nne kichwani: nyumba ya Uswahilini ya vyumba sita pamoja na ua, kituo cha daladala, banda la kinyozi, na nyumba ya mawe ya Unguja au Lamu. Nianze na ipi? Nawasilisha.

#2 Nipo_Nipo
Nimewahi siti ya dirishani. Uzi wa picha hauna picha, haya mambo hayanogi mkuu.

#3 MwanaUani
Nyumba ya vyumba sita, wala usihangaike. Ni seti moja inayokupa sehemu tano. Mbele kuna baraza: bao, kahawa, fundi cherehani. Ndani korido. Chumba cha mpangaji. Ua. Bafu na choo nyuma.

Korido peke yake inatosha kitabu kizima. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila mlango na pazia lake. Malapa mlangoni. Ndoo zenye mifuniko, jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua, baiskeli imeegemezwa, taa moja katikati ambayo hakuna anayekubali kununua balbu yake. Mita ya umeme ya LUKU iko chumbani kwa mwenye nyumba. Hapo hujaweka mtu na ugomvi umeshaanza.

Mwanga unaingia ncha mbili tu, mlango wa mbele na wa uani. Mtu akisimama katikati anakuwa kivuli, akisogea hatua mbili sura inatokea. Hiyo tayari ni picha.

#4 KondaMstaafu
Uani kila mtu anakujua. Mimi nasema daladala, na siyo kituo, gari lenyewe. Hiace kwa ndani. Paa litoke, ubavu utoke, kila siti iwe kipande chake. Konda anasimama amejikunja, tumbo kwenye siti ya mbele, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Nioneshe duka gani linauza pozi hilo.

#5 Yakhe_wa_Kibokoni
Salaam. Nyumba ya mawe usiiguse kama hujui inavyosimama. Wengi huunda chumba kipana kama ukumbi wa harusi, kisha wakabandika mlango wa kuchonga wakasema ni Lamu. Chumba chetu ni chembamba na kirefu, kwa kuwa dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Upana ni mita 2.5, ukizidi sana 3. Urefu waweza kwenda utakavyo. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, mnene wa nusu mita hivi, ndiyo maana dirisha lina kina na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapata pa kukaa.

Ukipanua chumba umeiua nyumba.

#6 FundiPikseli
@Yakhe_wa_Kibokoni ahsante, hilo la boriti nalichukua kama lilivyo. Shida ni kamera. Kwenye mita 2.5 huna pa kurudi nyuma, na ukitumia lenzi pana pua ya mwanasesere inafika kabla yake. Kwa hiyo kila ukuta nitaufanya kitu cha peke yake, uweze kufichwa. Daz wana kifaa cha Iray, injini yao ya kutoa picha ya mwisho, cha kukata ukuta kwa bapa bila kuufuta, na kwenye Blender unasogeza mbele umbali ambao kamera inaanza kuona.

@MwanaUani mlango wa korido una upana gani kwenu?

#7 MwanaUani
Kitanda cha futi tano kwa sita kinaingia kwa kulazwa ubavu, na lazima majirani wawili watoe ushauri. Pima wewe.

#8 Mpigapicha_wa_Harusi
Kabla ya kuchagua seti, jiulizeni kwa nini hata zile chache za Kiafrika zilizopo zinaonekana za uongo. Jibu ni jua.

Dar iko nyuzi 6.8 hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 au 11 Oktoba jua linapita utosini kabisa. Kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni, macho yanakuwa mashimo, kidevu kinaweka giza shingoni. Saa sita mchana sisi tunahamishia maharusi chini ya mwembe, hatuna ujanja. Sasa mtu anachukua picha ya mbingu ya duara, HDRI, iliyopigwa Ulaya mwezi wa kumi na moja, jua liko chini, vivuli virefu, anamweka mama ntilie pale na kusema ni Manzese saa saba mchana. Picha hiyo unaweza kuizungusha, lakini jua lililomo huwezi kulipandisha. Ukiinamisha duara lote, upeo wa macho unalala upande.

Dawa ni kutumia jua la kukokotoa. Iray wana jua na mbingu unazopa latitudo, tarehe na saa. Blender tangu toleo 2.90 la mwaka 2020 lina mbingu ya aina hiyo, na kuna kiongezi cha kupanga mahali pa jua. Ukiiacha latitudo uliyoikuta, jua halitakuwa la kwetu. Na magharibi yetu ni fupi: ukitaka ile rangi ya dhahabu ya saa nzima, umehama nchi.

#9 Tope_Jekundu
Mkuu #8 nakuheshimu lakini jua siyo sababu. Mimi nimerenda, yaani nimetoa picha ya mwisho, kwa jua sahihi na bado ilikuwa ya uongo. Sababu ni usafi. Seti zote zimejengwa asubuhi hii.

Angalieni ukuta wowote uswahilini. Chini, mpaka usawa wa goti, kuna mstari wa tope lililoruka na matone ya paa. Rangi ya mlango imelika pale mkono unaposukuma, siyo penye kitasa. Kwenye bati kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye msumari, na inashuka ikifuata bonde. Kona ya ukuta wa uani ina masizi kwa sababu jiko huwekwa hapo upepo usipoingia. Uchakavu una sababu zake. Watu wananunua teksicha (picha ya kuvika juu ya umbo) ya uchafu, wanaipaka kote sawasawa, ndiyo maana jicho linakataa.

Na bati msilichore kwa teksicha ya miinuko tu. Wimbi hadi wimbi ni milimita 76. Kwa mbele litadanganya, ila kwenye ukingo wa paa utaona mstari ulionyooka kama rula.

#10 Mpigapicha_wa_Harusi
Tope bila jua ni rangi ya kahawia tu. Kinachoonesha mawimbi ya bati ni kivuli.

#11 Dada_Rigi
Wote wawili mnazunguka. Uongo uko kwenye mwili. Mwanasesere wa Daz anakuja na pozi za kiti cha sentimita 45, sofa, baa ndefu, kitanda cha hoteli. Mwekeni kwenye mbuzi ya nazi muone. Kiti chenyewe kiko sentimita 15 au 20 kutoka chini, magoti yanapanda, mtu anakaa upande au anapanua miguu na kanga inaingia katikati, mgongo unainama, bega la mkono unaokuna linatangulia. Viungo vina kikomo cha kukunjika. Kikomo unaweza kukizima, lakini ukizima paja linazama tumboni na nyama ya nyuma ya goti inapotea.

Kufua: miguu imenyooka, mtu amekunjika kiunoni, mikono kwenye beseni. Kuchuchumaa na kisigino chini. Kumbeba mtoto mgongoni huku umeinama kufunga kanga. Hakuna. Kwa hiyo wanachoweka watu uani ni watalii waliosimama. Seti iuzwe na pozi zake, pozi zimefungwa kwenye kifaa chake.

#12 KondaMstaafu
@Dada_Rigi asante kwa kunitetea bila kunitaja.

#13 Bi_Shangani
Kanga mmeisahau tena. Mie naishona kwa dForce, kifaa cha kuifanya nguo ianguke kama nguo, ilioingia Daz Studio 4.10 mwaka 2017. Si vazi la kuvuta na kubandika. Nachukua mstatili mtupu, sentimita 150 kwa 110, naukata vigae vidogo vidogo, nauzungushia mwanasesere akiwa wima mikono pembeni, halafu namkunja polepole katika fremu thelathini na kitu nguo ifuate. Ukimkunja kwa mara moja kanga inaruka au inapenya mwilini.

Jambo la kuangalia: pindo, mji na jina vikae mahala pake. Nimeona jalada moja la kitabu jina la kanga limegeuka kama liko kwenye kioo, herufi zote nyuma mbele. Aliyetengeneza aligeuza teksicha ili ua lielekee anakotaka, hakujua kuna maneno. Mwanamke gani atatoka na kanga isosomeka?

#14 Ras_Mkwaju
Nacheka kwa nguvu. Inawezekana ujumbe ulikuwa wa jirani wa kioo.

Naomba kuuliza, hivi si Daz ndio walianzisha haya mambo ya wanasesere?

#15 Dada_Rigi
Hapana. Poser ilitangulia, 1995, ya Larry Weinberg, ikatolewa na Fractal Design. Ilikusudiwa kuwa mbadala wa yule mwanasesere wa mbao wa wachoraji. Daz ikajitenga na Zygote mwaka 2000, ikawa inauza watu na vitu vya Poser kabla ya programu yake yenyewe.

#16 Ras_Mkwaju
Shukrani. FundiPikseli weka teksicha kubwa kila mahali, mambo ya kuokoa nafasi yamepitwa na wakati. JPEG ya megabaiti tatu haiwezi kujaza kumbukumbu ya kadi ya picha ya kompyuta.

#17 Tope_Jekundu
Mkuu unachemka. Megabaiti tatu ni diskini. Kwenye kadi inafunguliwa. Pikseli 4096 kwa 4096 ni milioni 16.7 na ushee, baiti tatu kila moja, hiyo ni megabaiti 48 kwa picha moja kabla ya kubanwa. Ukuta mmoja wenye picha ya rangi, ya miinuko na ya mng'aro umekula 144. Vyumba sita, mapazia sita, mabeseni, na mwanasesere mwenyewe ambaye ngozi yake peke yake ina picha kubwa za uso, kiwiliwili, mikono na miguu. Iray ikiona havitoshi kwenye kadi inahamia kwenye prosesa na wewe unahamia kulala.

Matofali na mabati yawe nakala za kitu kimoja, zinatumia kumbukumbu ileile. Nyuma ya ua usijenge jirani, bandika picha.

#18 Ras_Mkwaju
Sawa mwalimu. Kumbe ndiyo maana feni yangu inalia.

#19 MjukuuWaKilwa
Mnawaza miaka ya jana tu. Seti yenye soko dunia nzima ni Kilwa ya karne ya 14. Jumba la Husuni Kubwa juu ya gema, vyumba zaidi ya 100, bwawa la pembe nane, ngazi za kushukia baharini. Msikiti Mkuu na kuba zake. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town walishapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza. Vipimo vipo, siyo vya kukisia.

#20 Msomi_Mvivu
Leza inapima gofu, haipimi paa lililoanguka. Na mtaa unaozunguka utajaza nini? Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, enzi za huyohuyo sultani al-Hasan bin Sulaiman anayetajwa kuijenga Husuni Kubwa, na kitabuni mji umesemwa ni wa miti, paa za nyasi. Ukiweka mji mzima wa mawe meupe unampinga shahidi aliyefika.

#21 Yakhe_wa_Kibokoni
Hapana ajabu hapo. Mawe yalikuwa ya wenye nazo. Watu wengi walikaa nyumba za miti na udongo, na hizo hazibakii karne saba. Aliona vyote akasema kile kilichokuwa kingi.

#22 MjukuuWaKilwa
Au hakusema hivyo kabisa. Kitabu hakikuandikwa Kilwa. Alisimulia Morocco miaka mingi baadaye, Ibn Juzayy akaandika, kikakamilika 1355. Kisha kikanakiliwa tena na tena. Msikiti wa mawe ulikuwa umesimama pale tangu kabla yake, anaupitaje bila kuuona?

#23 Msomi_Mvivu
Hajasema hakuna msikiti wa mawe. Umesema wewe.

#24 KondaMstaafu
Sasa mwanasesere ashukie wapi, kwenye miti au kwenye mawe? Gari linangoja.

#25 Mchora_Hadithi
Jamani mimi ndiye mteja mnayemzungumzia. Nachora hadithi za picha kwa kurenda kisha kupaka juu. Kilwa nitaitumia mara moja. Ninachokitafuta kila wiki ni ofisi ya serikali ya mtaa. Meza moja, kitambaa cha meza, muhuri na kidau chake, daftari la wakazi, picha ya kiongozi ukutani (acheni fremu tupu, kila mtu ataweka wake), benchi nje, na dirisha la nondo ambalo watu wanachungulia. Nyingine ni korido ya zahanati yenye watu wamekaa kwa foleni. Kaunta ya kituo cha polisi. Duka la Mangi kwa ndani, upande wa muuzaji, kwa sababu kutoka upande ule unaona uso wa mteja katikati ya nondo.

Hadithi zetu nyingi zinaamuliwa mezani au dirishani. Ua ni mzuri, lakini uani watu wanaongea. Ofisini mtu mmoja anataka kitu na mwingine anacho.

#26 MwanaUani
Hujawahi kudaiwa kodi uani wewe.

#27 FundiPikseli
@Mchora_Hadithi wazo la ofisi limenigusa, na ni jepesi: chumba kimoja, vitu vichache. Kuta za matangazo vipi? Nyumba nyingi za barabarani zimepakwa rangi za kampuni za simu na soda kutoka chini hadi juu. Nikiziacha, mtaa unakuwa wa uongo. Nikiziweka, ni nembo za watu.

#28 Dada_Rigi
Tengeneza kampuni yako. Rangi mbili kali, jina fupi, nambari ya kupiga isiyofika. Mtu akiangalia kwa mbali anajua ni nini. Na uiache kama kipande cha kubadilisha.

#29 Bi_Shangani
Skani za simu je? Mlango wa kuchonga kuunda kwa mkono ni kazi ya mwezi.

#30 Tope_Jekundu
Inawezekana. Piga picha nyingi ukisogea kidogokidogo, kila picha iingiliane na iliyopita kwa zaidi ya nusu, halafu uziunganishe kuwa umbo la 3D kwa programu ya Meshroom, ni bure ingawa kwa kazi hiyo inataka kadi ya NVIDIA. Piga siku ya mawingu. Ukipiga juani, kivuli kinabaki kwenye teksicha milele, na utakapoweka jua la Mpigapicha mlango utakuwa na vivuli viwili. Njumu za shaba, zile zilizochomoza mlangoni, zitakusumbua kwa sababu zinang'aa. Ziunde kwa mkono, ni mduara unaojirudia.

#31 Ras_Mkwaju
Zile njumu si ni za kuzuia tembo?

#32 Bi_Shangani
Ndo wanavyoambiwa watalii, kuwa desturi imetoka India kwenye tembo. Unguja tembo yuko wapi? Ni fahari ya mwenye nyumba tu.

#33 Yakhe_wa_Kibokoni
Zote mbili zaweza kuwa kweli, desturi husafiri bila tembo.

#34 Mpigapicha_wa_Harusi
Turudi kidogo. Kuna jambo halijasemwa: ngozi nyeusi. Umbo lake picha inalisoma zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Kwenye chumba cha chokaa ukuta wenyewe unarudisha mwanga, uso unapata ukingo mweupe pande zote mbili. Kwenye korido ya #3 yenye rangi ya mafuta ya kijani nusu ukuta, uso unapata kijani. Mtengeneza seti akichagua rangi ya ukuta ameshachagua sura ya mtu. Kwa hiyo bado ni mwanga.

#35 Tope_Jekundu
Rangi ya mafuta ikichakaa hairudishi mwanga. Kwa hiyo bado ni uchakavu.

#36 Dada_Rigi
Na huyo mtu anasimamaje ukutani? Sisemi kitu.

#37 Nipo_Nipo
Hawa watatu wafungiwe kwenye Hiace ya KondaMstaafu.

#38 FundiPikseli
Nimeanza ofisi na ua kwa pamoja, ofisi iwe chumba cha mbele cha nyumba ileile, milango yote mita 2.1, tofali za inchi 6. Jana nilikwenda kupima nyumba ya jamaa yangu. Nilipotoa futikamba koridoni, mapazia yakafunguka mfululizo. Wapangaji wakajua nyumba inauzwa.

#39 MwanaUani
Ukawaambia nini?

#40 FundiPikseli
Nikasema napima kwa ajili ya mwanasesere. Ikawa mbaya zaidi.

#41 KondaMstaafu
Kodi imepanda?

#42 FundiPikseli
Bado. Ila mwenye nyumba kasikia kuna mtu wa picha, leo asubuhi kaleta mafundi wanapaka ukuta wa nje. Ule mstari wa tope wa #9 nilikuwa nirudi kuupiga Jumamosi.

#43 Tope_Jekundu
Wazuie wasifike upande wa choo. Nakuja.